Moyo Konde

Mkufunzi alichora ubaoni ngazi ya vidato saba,
akaiita ustahimilivu.
Kidato cha kwanza: vuta pumzi.
Nikanakili kwa wino wa buluu, nikapiga mstari chini yake,
maana mwanafunzi wa mwaka wa pili
bado anaamini vilivyopigiwa mstari.

Jioni hiyohiyo nikamchoma Don Erasmo mara tatu
nisiupate mshipa.
Mishipa yake iliikimbia sindano
kama kondoo wanaoijua siku ya kunyolewa.
Hayo ni maneno yake, si yangu:
miaka arobaini alinyoa kondoo ng'ambo ya mlango wa bahari.
"Wa kwanza nilimkata sikio," akaniambia.
"Wa pili, sikio na ubavu.
Wa tatu simkumbuki, basi lazima alitoka mzima."
Akanigeuzia mkono mwingine.
"Haya, binti. Masikio bado ninayo."

Nikaupata.
Damu ikaingia mrijani taratibu,
kama mgeni aliyepiga hodi kwanza.
Nilidhani hicho ndicho kidato cha saba.

Alhamisi, saa kumi alfajiri, kitanda namba tisa.
Yasna alikuwa akihesabu vidonge, mimi nimeshika chati.
Pumzi moja, halafu ile ya kufuata ikakosa kuja,
nasi tukaisubiri
kama abiria wa basi lililokwisha kupita.

Muuguzi Nolfa akaleta beseni la maji ya uvuguvugu.
"Ya nini kuyapasha?" nikauliza. "Hasikii tena."
"Wewe unasikia," akasema.

Tukamwosha.
Plasta niliyombandika ilikuwa bado mkononi mwake.
Nikaibandua polepole,
isije ikamuuma.

Mama akapiga simu kutoka Porvenir:
piga moyo konde, mwanangu.
Mama, moyo umekwisha kupigwa makonde ya kutosha,
uache kwanza ukae kitako.

Nolfa hakusema lolote la ubaoni.
Alinisukumia chumba cha shuka, akanipa nusu ya mkate wake wa jibini.
"Dakika kumi. Kengele zako nazijibu mimi.
Mwezi ujao zangu utazijibu wewe, usijifanye umesahau."
Kisha, mkono kwenye kitasa:
"Rafu ya tatu. Foronya za zamani.
Hizo hazikwaruzi uso."
Miaka ishirini na sita kazini,
na anajua foronya ipi.

Nililia dakika tano. Tano nyingine nilikula.

Asubuhi, upepo.
Punta Arenas wanafunga kamba kwenye kona za barabara
ili watu wasipeperushwe, na mimi nikaishika.
Nyuma yangu mwanamke mwenye mfuko wa viazi,
mbele mvulana wa shule, kofia yake imeshaenda zake Antaktika.
Hakuna aliyesonga mbele. Hakuna aliyeanguka.
Viazi viwili vikachoropoka, vikabiringika hadi benki,
yule mama akacheka,
na kicheko changu kikatoka
kabla sijakipa ruhusa.

Usiniambie kamba ile ni mfano wa kitu.
Ilikuwa nailoni, imefumuka nyuzi,
iliniachia mistari kiganjani hadi mchana.

Yasna hakurudi. Sasa anakata tiketi za feri,
na nywele zake amezikata pia.
Asimwite mtu dhaifu mbele yangu.
Yeye ndiye aliyemfumba macho Don Erasmo
mimi nilipokuwa nikitazama saa.

Jumatatu, kitanda namba tisa, shuka mpya,
na bibi wa kiwanda cha kaa
ambaye mishipa yake haionekani hata kwa taa.
"Umeshawahi?" akauliza, jicho kwenye sindano.
Nikavuta pumzi
(sawa, kidato cha kwanza kina kazi yake).
"Nimeshakosa mara tatu," nikasema.
"Lakini sikio lako nitaliacha salama."

Hakuelewa.
Akanyoosha mkono.